Dari Zilizochorwa Zikaonekana Kama Mbingu Wazi

Ukiingia katika kichochoro kimojawapo cha mtaa wa Pipeline, upande wa mashariki wa Nairobi, mahali ambapo maghorofa yamesimama yakitazamana kwa karibu, inua macho yako ukatazame juu. Utaona jambo ambalo wenyeji wa hapo wamelizoea hata hawalifikiri tena. Kuta za pande mbili, ambazo fundi alizisimamisha wima kwa timazi, zaonekana kana kwamba zinakaribiana huko juu, na mbingu iliyobaki katikati yake ni kama utepe mwembamba. Tena ukisimama karibu na njia ya reli kule Makadara ukaitazama inakokwenda, utaona vyuma viwili vikisogeleana mpaka mwisho vikawa kama kimoja.

Kuta hazikuinama, wala vyuma vya reli havikukutana. Kama vingekutana, gari la moshi lisingepita. Ni jicho lako ndilo linaloona hivyo, na linaona hivyo kwa kanuni isiyobadilika. Kitu kilicho mbali huonekana kidogo kuliko kilicho karibu, na mistari inayokwenda mbali pamoja huonekana kukutana.

Zaidi ya miaka 300 iliyopita, mafundi wa Italia na nchi nyingine za Ulaya waliichukua kanuni hiyo wakaipeleka makanisani. Walipaka rangi dari za makanisa kwa ustadi mkubwa hata mtu aliyesimama chini akaamini kwamba hakuna dari kabisa, bali kuta zinaendelea kupanda juu, na juu yake mbingu imefunguka, ina mawingu, malaika na watakatifu. Katika makala haya tutaeleza kazi hiyo ilivyofanywa, na kwa nini yafaa watu wa mitaa ya Eastlands kuijua kabla ya kuchanga fedha za kupamba makanisa yao wenyewe.

KUBA ISIYOKUWAPO

Kazi hiyo haikuzuka kwa siku moja. Katika mji wa Mantova, fundi Andrea Mantegna alimaliza mwaka wa 1474 chumba kimoja cha jumba la mtawala, na katikati ya dari yake alichora tundu la mviringo lenye ukingo, ambapo watu wanachungulia chini na mbingu ya buluu iko nyuma yao. Tundu hilo ni rangi tupu. Kisha kati ya mwaka wa 1526 na 1530 fundi mwingine aliyeitwa Correggio alichora ndani ya kuba ya kanisa kuu la Parma, akaonyesha Bikira Maria akipaa katikati ya duara za mawingu na watu, duara juu ya duara, mpaka jicho likapotea katika nuru.

Lakini aliyeifikisha kazi hii kwenye kilele chake alikuwa Andrea Pozzo. Mtu huyu alizaliwa mwaka wa 1642 katika mji wa Trento, akaingia katika shirika la Wajesuti akiwa ndugu wa kawaida, si padre. Wajesuti walikuwa na kanisa kubwa katika Roma, kanisa la Mtakatifu Ignasio, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1626. Ramani ya kanisa ilionyesha kuba kubwa juu ya mahali ambapo njia mbili za kanisa hukutana. Kuba hiyo haikujengwa. Mahali pake palibaki wazi, pakitaka kuzibwa.

Mwaka wa 1685 Pozzo alipaziba kwa picha. Alichukua turubai pana kupita mita 10, akachora juu yake kuba nzima: nguzo zake, madirisha yake, matao yake na tundu la nuru kileleni, kisha turubai likatandazwa juu kama kifuniko cha sufuria. Turubai lenyewe ni bapa kama meza. Lakini mtu anayeingia kanisani kwa mlango mkuu na kutembea mpaka mahali palipotiwa alama sakafuni huona kuba inayopanda juu, yenye kivuli upande mmoja na nuru upande wa pili.

Watu wa mahali pengine waliifuata njia hiyo. Katika kisiwa cha Gozo, karibu na Malta, kanisa kuu lilijengwa kati ya mwaka wa 1697 na 1711, nalo halikupata kuba. Mwaka wa 1739 fundi Antonio Manuele alichora kuba ya rangi badala ya kuba ya mawe. Husimuliwa kwamba fedha zilikuwa zimekwisha. Hata leo mgeni akitazama kanisa hilo kwa nje huona paa bapa, na akiingia ndani huona kuba.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Huenda msomaji akadhani kwamba kazi hii ni kipawa tu, kwamba mtu huzaliwa nayo au huikosa. Sivyo. Msingi wake ni kupima, na mtoto wa darasa la nane aweza kuifanya hesabu yake.

Tuchukue mfano wa ukumbi mdogo wa kanisa. Upana wake ni futi 20, na dari yake iko futi 15 juu ya sakafu. Jicho la mtu aliyesimama liko futi 5 juu ya sakafu. Kwa hiyo kutoka jicho mpaka dari ni futi 10. Mtu huyo amesimama katikati kabisa, kwa hiyo ukuta wa kila upande uko futi 10 kutoka kwake.

Sasa twataka kuchora dari ili ukuta uonekane kwamba umepita dari na kupanda futi 10 zaidi. Mwisho wa ukuta huo wa uongo utakuwa futi 20 juu ya jicho, yaani mara mbili ya umbali wa dari. Ukivuta uzi kutoka jichoni mpaka kwenye mwisho huo, uzi utaipita dari ukiwa nusu ya safari yake. Nusu ya futi 10 za upana ni futi 5. Hapo ndipo fundi atakapochora mwisho wa ukuta: futi 5 kutoka katikati ya dari, na futi 5 kutoka ukingoni.

Maana yake ni hii: ukuta wa futi 10 umeingia katika rangi ya futi 5 tu. Ukifanya hivyo pande zote mbili, katikati patabaki nafasi ya futi 10, nayo ndiyo itakayopakwa rangi ya mbingu. Nguzo zikichorwa juu ya ukuta huo wa uongo, zote hazina budi kuelekea nukta moja, nayo ni ile iliyo wima juu ya kichwa cha mtazamaji. Nguzo iliyokwenda kombo hata kidogo itaivunja picha yote.

NYUZI, TAA NA LIPU MBICHI

Dari bapa ni rahisi. Lakini dari kubwa ya kanisa la Mtakatifu Ignasio, ile iliyo juu ya waumini, si bapa. Imepinda kama nusu ya pipa lililolazwa. Pozzo aliichora kati ya mwaka wa 1691 na 1694. Mstari ulionyoka ukiuchora juu ya kitu kilichopinda, utaonekana umepinda. Fundi hana budi kuupinda kwa makusudi, kwa kiasi barabara, ili mtu aliye chini auone umenyoka.

Njia yake aliieleza mwenyewe katika kitabu alichokitoa katika sehemu mbili, mwaka wa 1693 na mwaka wa 1700. Kwanza huchora picha yake ndogo juu ya karatasi na kuigawa kwa miraba. Kisha hutandaza nyuzi kanisani, pale ambapo ukuta hukoma na dari huanza kupinda, nyuzi zikakatana zikafanya miraba kama wavu wa mvuvi. Halafu, mahali ambapo jicho la mtazamaji litakuwa, taa ingeweza kuwekwa usiku, na kivuli cha nyuzi kikaanguka juu ya dari iliyopinda. Mahali ambapo mwanga wa taa ni hafifu kwa sababu ya urefu, uzi mmoja huvutwa kutoka kwenye nukta ya jicho, ukapita juu ya kila uzi wa wavu mpaka ukagusa dari, na hapo pakatiwa alama. Miraba iliyochorwa juu ya dari kwa njia hiyo huwa imenyongeka na kupotoka, lakini ukiitazama kutoka kwenye nukta ile ile, yote ni miraba sawasawa. Baada ya hapo kazi ni kuhamisha kila mraba wa karatasi mpaka kwenye mraba wake wa dari.

Kitabu hicho kilienea mbali. Kilitolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1707, na huko China mwaka wa 1729 mtu mwenye cheo aliyeitwa Nian Xiyao alitoa kitabu juu ya elimu hiyo kilichotegemea kazi ya Pozzo. Pozzo mwenyewe aliitwa Vienna na mfalme wa huko, akachora kuba nyingine ya uongo katika kanisa la Wajesuti mwaka wa 1703, akafa katika mji huo mwaka wa 1709.

Rangi nayo ilikuwa na masharti yake. Dari hizo za Italia zilichorwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi. Rangi iliyotiwa maji hunywewa na lipu, na chokaa ikikauka huishika rangi ndani yake ikawa kitu kimoja na ukuta. Kwa hiyo kila asubuhi fundi hupiga lipu ya sehemu atakayoweza kuimaliza siku ile, wala si zaidi. Lipu ikikauka kabla hajamaliza, hukatwa na kupigwa upya. Kazi yote hii hufanywa juu ya jukwaa la miti, shingo imepinda nyuma, na rangi inamdondokea mtu usoni. Tena fundi akiwa juu haioni picha yake kama itakavyoonekana. Huona mistari iliyopotoka tu. Hana budi kuiamini hesabu yake mpaka atakaposhuka.

Jambo la mwisho ni nuru. Vijana wanaopaka rangi matatu za Eastlands wanalijua jambo hili vizuri sana. Wakitaka herufi ionekane imetokeza nje ya bati, huitia weupe upande mmoja na weusi upande wa pili, na hufanya hivyo kwa herufi zote bila kubadilisha upande. Akikosea herufi moja, udanganyifu wote huvunjika. Kanisani ni vivyo hivyo, ila fundi hutazama kwanza madirisha ya kweli ya kanisa, nuru hutoka wapi, kisha huchora vivuli vyake vifuate nuru hiyo.

MAHALI PA KUSIMAMA

Sasa tumefika kwenye neno lililo kubwa kuliko yote. Dari ya namna hii ina mahali pamoja tu pa kuitazamia. Katika kanisa la Mtakatifu Ignasio mahali hapo pametiwa alama ya duara sakafuni, na wageni husimama hapo kwa zamu. Anayeondoka hapo huona nguzo zikianza kulala, na kuba ikawa kama kofia iliyokaa kombo. Walikuwako watu walioilaumu kazi ya Pozzo kwa sababu hiyo. Yeye aliitetea katika kitabu chake, akashikilia kwamba picha moja yataka nukta moja, na kwamba nukta nyingi zingeiharibu yote.

Turudi kwenye ukumbi wetu wa futi 20 tuone ukubwa wa hasara hiyo. Mtazamaji akisogea futi 4 upande wa kulia, mwisho wa ukuta uliochorwa, badala ya kuonekana wima juu ya ukuta wa kweli, utaonekana umeinama futi 4 upande wa kushoto. Kuta zote mbili zitainama hivyo pamoja. Ule wa kulia utaonekana unamwangukia, na ule wa kushoto utaonekana unaanguka nje. Hatua mbili tu zimetosha kuiangusha nyumba.

Lakini tuchukue kanisa refu, lenye dari iliyo futi 45 juu ya sakafu. Kutoka jicho mpaka dari ni futi 40. Tukichora ukuta ule ule wa futi 10, mwisho wake utakuwa futi 50 juu ya jicho. Mtu akisogea futi 4 zile zile, ukuta utaonekana umeinama futi 1 peke yake, na watu wengi hawatalitambua jambo hilo. Basi, dari ikiwa juu sana, udanganyifu huvumilia. Dari ikiwa chini, hauvumilii. Ndiyo sababu kazi hii ilistawi katika makanisa makubwa marefu, wala si katika vyumba vya chini.

Kuna njia nyingine ambayo haitaki mtu asimame mahali maalumu. Katika mji wa Gondar, Ethiopia, kanisa la Debre Berhan Selassie lina dari ya mbao iliyojaa nyuso za malaika, safu kwa safu, kila uso na mabawa yake na macho makubwa yaliyofunguka. Fundi wa Gondar hakujaribu kuitoboa dari. Dari ni dari, na malaika wamepangwa juu yake kama nakshi za kitambaa. Mzee aliyekaa mbele, mama aliyesimama nyuma na mtoto aliye mlangoni, wote huonwa na macho yale yale. Hakuna aliye mahali pabaya.

AFRIKA JUU YA MAMBA

Tumesema juu ya nguzo na kuta. Sasa tuseme juu ya watu waliochorwa. Katika dari ya Pozzo nuru hutoka kwa Mungu Baba, ikapita kwa Kristo, ikamfikia Mtakatifu Ignasio, na kutoka kwake ikagawanyika kwenda pande nne za dunia. Pande hizo zimeonyeshwa kama wanawake wanne: Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Afrika yuko juu ya mamba, naye ana pembe ya ndovu.

Pozzo hakufika Afrika. Alichora kile ambacho watu wa Roma wa siku zile walizoea kukitia katika picha walipotaka kusema Afrika: mnyama mkali na mali ya biashara. Hatusemi hivi ili kumlaumu marehemu aliyefanya kazi kubwa. Twasema ili ijulikane kwamba dari iliyopimwa barabara kwa uzi na hesabu yaweza bado kuwa na jambo ambalo fundi hakulipima, yaani watu asiowajua.

Jambo hilo lilipata jibu ng'ambo ya bahari. Katika Brazil, ambako watu wengi sana wa asili ya Kiafrika walipelekwa utumwani, makanisa yalijengwa kwa fedha za dhahabu ya machimbo. Katika mji wa Ouro Preto lipo kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Dari yake ilichorwa na Manuel da Costa Ataíde, mwenyeji wa mji wa jirani wa Mariana, ambaye alifanya kazi hapo kati ya mwaka wa 1801 na 1812. Hakuchora juu ya lipu. Alichora juu ya mbao. Naye pia alizipandisha nguzo za uongo pande zote, akaifungua mbingu katikati. Lakini katikati ya mbingu hiyo, amezungukwa na malaika wanaopiga vinanda na zumari, ameketi Bikira Maria mwenye sura ya mwanamke wa Brazil aliyechanganya damu ya Afrika na ya Ulaya, na malaika wengi wana rangi ya kahawia kama yeye. Watu waliotoka kazini na kuinua macho katika kanisa hilo waliona huko juu nyuso zilizofanana na za watoto wao.

KAZI YA MURANG'A

Katika Kenya hatuna haja ya kwenda mbali mpaka Brazil. Huko Murang'a, mji ulioitwa zamani Fort Hall, liko kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika miaka ya Hali ya Hatari. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Ndani yake Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Tanganyika, mwaka wa 1932, na kusoma Makerere, alichora picha kubwa tano za maisha ya Kristo, naye alizimaliza mwaka wa 1959. Ndizo hizi: kuzaliwa kwake, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, sala ya Gethsemane na kusulubiwa kwake. Watu waliomo ni Waafrika, na nchi waliyomo ni nchi ya Kiafrika. Mtoto Yesu amezaliwa katika boma ambalo mkulima wa Murang'a angelitambua kuwa la kwao.

Picha hizo ziko ukutani, si darini, wala hazitaki kumfanya mtu aamini kwamba ukuta haupo. Lakini zimefanya kazi ile ile ambayo dari za Roma zilikusudiwa kufanya, yaani kuileta habari iliyo mbali ikawa karibu na mtu aliyesimama pale. Roma ilifanya hivyo kwa nyuzi na hesabu. Murang'a ilifanya hivyo kwa nyuso na milima ya nyumbani.

KWA MAKANISA YA EASTLANDS

Katika mitaa ya Pumwani, Kaloleni, Bahati, Jericho, Umoja na Kayole, na kando ya Barabara ya Jogoo iliyoitwa zamani Doonholm Road, makanisa ni mengi, na waumini hujitolea fedha zao kwa moyo mkunjufu ingawa kodi ya nyumba, karo na nauli ni mzigo. Fedha ya mapambo hutoka katika mifuko hiyo hiyo. Kwa hiyo kamati ya kanisa inayofikiri kuchora dari au kuta yafaa iyatazame mambo haya kwanza.

La kwanza ni paa. Adui mkubwa wa picha ya dari ni maji. Msumari mmoja wa bati uliolegea wakati wa masika waweza kufanya doa litakaloharibu kazi ya miezi mingi. Basi mabati, mifereji na misumari vikaguliwe na kutengenezwa kabla ya kununua mkebe mmoja wa rangi. Tena katika majengo ya zamani huenda paa au dari ni ya asbestosi. Vumbi lake hudhuru mapafu vibaya. Isikwaruzwe, isitobolewe, wala isipigwe msasa. Mtaalamu aitwe kwanza.

La pili ni urefu wa dari. Fanyeni hesabu tuliyoieleza. Chukueni urefu wa dari juu ya jicho, pigeni hesabu ukuta wa uongo utainama kiasi gani mtu akikaa kwenye benchi la pembeni. Ikiwa dari iko chini, msidanganywe na picha nzuri mliyoonyeshwa katika simu, iliyopigwa na mtu aliyesimama katikati kabisa ya kanisa la Roma. Katika ukumbi wa chini, mtu mmoja ataiona mbingu, na wengine 300 wataona nguzo zinawaangukia wakati wa mahubiri. Hapo njia ya Gondar, au njia ya Murang'a, itawafaa zaidi.

La tatu ni fundi. Vijana wenye mkono mwepesi wako mitaani mwenu, na baadhi yao wamejifunza kuchora nuru na kivuli juu ya mabati ya matatu kwa muda mrefu. Wapeni kwanza ubao mdogo wachore, kisha utundikwe darini mahali pake, nanyi mketi kwenye mabenchi yote, mbele, nyuma na pembeni, muutazame. Jaribio hilo ni la gharama ndogo. Mapatano ya malipo yaandikwe, na jukwaa la kupandia liwe imara, maana mtu anayetazama juu siku nzima hatazami miguu yake.

La nne ni nyuso. Kabla rangi haijafunguliwa, waumini waulizwe: Mtakatifu huyu atakuwa na sura gani? Nyuma yake patakuwa na nchi gani? Huenda wengine watataka sura walizozizoea katika vitabu vya zamani, na wengine watataka mama wa Kaloleni mwenye leso na mtoto mgongoni. Maneno hayo yasemwe mapema, kwa upole, maana picha ikikwisha kuchorwa haifutwi kwa kura. Mtoto anayebatizwa mwaka huu ataitazama Jumapili hata Jumapili mpaka awe mzee wa kanisa, naye atajifunza hapo, bila mtu kumfundisha, kama mbinguni kuna watu wanaofanana naye au hakuna.

Mtu akipata nafasi ya kwenda Murang'a, na aingie katika kanisa lile azitazame kuta zake. Na asiyepata nafasi hiyo, Jumapili ijayo ibada ikiisha, abaki kidogo katika benchi lake, ainue macho atazame dari ya kanisa lake mwenyewe, ahesabu madoa ya maji aliyoyaona, akamwambie mwenyekiti wa kamati. Kazi ya dari nzuri huanzia hapo.